Namba tasa kubwa: jinsi ya kuichunguza mwenyewe kwa daftari, kikokotoo na simu

Kila inapotangazwa namba tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana, maswali ya wanaoanza ni yale yale. Ina tarakimu ngapi, na nani kazihesabu? Inaishia na ngapi? Watu wamejuaje kwamba haigawanyiki, ilhali hakuna anayeweza kuigawanya kwa kila namba iliyo chini yake? Mwongozo huu unajibu kwa kukupa kazi ya kufanya. Tutaichukua 2,147,483,647, yaani 2^31 − 1, tuichambue mpaka mwisho, na njiani njia hizo hizo tutazijaribu kwenye namba iliyogunduliwa Oktoba 2024, 2^136279841 − 1.

Nimeanza na 2,147,483,647 kwa makusudi. Inaenea kwenye kikokotoo cha simu, lakini ni kubwa kiasi kwamba ukitaka kuigawanya kwa kubahatisha utachoka kabla hujafika popote. Tena ni namba unayoishi nayo kila siku. Ndiyo kubwa kuliko zote ambazo programu inaweza kuhifadhi katika biti 32, yaani nafasi 32 za 0 au 1, pale biti moja inapotumika kuonyesha chanya au hasi. Mifumo inayohesabu sekunde tangu kuanza kwa tarehe 1 Januari 1970 kwa biti hizo 32 itaifikia tarehe 19 Januari 2038, saa 12:14:07 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, na sekunde inayofuata hesabu itarukia upande wa hasi. Leonhard Euler alithibitisha kuwa ni tasa mwaka 1772, bila mashine yoyote, wakati macho yake yalikuwa yamekaribia kupofuka kabisa. Utaona alivyofanya katika hatua ya 5.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Daftari na kalamu. Usifanye kichwani, makosa mengi ya hesabu hizi ni ya kunakili.
- Kikokotoo kinachoonyesha tarakimu 10 au zaidi na chenye kitufe cha log. Kile kidogo cha dukani cha tarakimu 8 hakifai. Simu nyingi ukizilaza, kikokotoo chake hufungua vitufe vya kisayansi.
- Python, kwa hatua ya 8. Kwenye simu ya Android pakua Pydroid 3. Ukishaipakua inafanya kazi hata bila bando.
- Ujuzi wa kugawanya na kupata baki, na kujua kipeo ni nini. Darasa la saba linatosha.

Nadharia utakayohitaji ni fupi. Namba tasa ina vigawo viwili tu: 1 na yenyewe. Namba 1 si tasa. Alama ^ humu inasimama badala ya kipeo: 2^5 ni 2 × 2 × 2 × 2 × 2, yaani 32. Namba za umbo la 2^p − 1 huitwa namba za Mersenne, kwa jina la mtawa Mfaransa Marin Mersenne, ambaye mwaka 1644 alitoa orodha ya vipeo visivyozidi 257 alivyoamini vinazaa namba tasa. Orodha ile iliingiza 67 na 257 visivyostahili, ikaacha 61, 89 na 107. Ilichukua zaidi ya miaka 250 kuisahihisha yote. Basi nawe usipokee namba yoyote kwa sababu imeandikwa na mkubwa, ikague.

Hatua ya 1: Kagua kipeo kwanza

Kipeo kikigawanyika, namba nzima inagawanyika. Chukua 2^15 − 1 = 32,767. Kwa kuwa 15 ni 3 × 5, namba hii lazima igawanyike kwa 2^3 − 1, yaani 7, na kwa 2^5 − 1, yaani 31. Jaribu: 32,767 ni 7 × 31 × 151.

Kipeo chetu 31 ni tasa, tunaendelea. Kipeo cha ile namba ya 2024, 136,279,841, nacho ni tasa. Kukihakiki unakigawanya kwa namba tasa zote mpaka 11,673, kazi ambayo Python inaimaliza kabla hujaondoa kidole kwenye kioo.

Onyo: kanuni hii haigeuziki. Kipeo kuwa tasa hakutoshi. 11 ni tasa, lakini 2^11 − 1 = 2,047 = 23 × 89. Hapa ndipo wengi wanapotangaza ugunduzi ambao haupo.

Hatua ya 2: Hesabu tarakimu bila kuiandika namba

1. Tafuta log ya 2 kwenye kikokotoo. Utapata 0.30102999566 na kuendelea.
2. Zidisha kwa kipeo.
3. Acha desimali, chukua namba kamili, ongeza 1.

Kwa 31: 31 × 0.30103 = 9.33193. Chukua 9, ongeza 1, unapata 10. Hesabu tarakimu za 2,147,483,647: ni 10 kweli. Kule kutoa 1 mwishoni hakupunguzi tarakimu, kwa sababu 2 ikipandishwa kwa kipeo chochote haiishii na 0.

Sasa fanya kwa 136,279,841. Ukitumia log nzima ya kikokotoo unapata 41,024,319.945, kwa hiyo tarakimu ni 41,024,320. Lakini ukitumia 0.30103, kama ilivyo kwenye majedwali ya zamani ya shule, unapata 41,024,320.536, na jibu lako linakuwa 41,024,321. Umezidisha tarakimu moja. Ule ukadiriaji mdogo kwenye nafasi ya tisa ya desimali umezidishwa kwa zaidi ya milioni mia moja, ukawa zaidi ya nusu nzima. Kwa vipeo vikubwa usikadirie log hata kidogo; bonyeza kitufe, kisha zidisha papo hapo bila kuandika katikati.

Desimali uliyoiacha usiitupe, kwa sababu ndiyo inayokuambia namba inavyoanza. Kwa 31 ilibaki 0.33193, pandisha 10 kwa kipeo hicho unapata 2.1475 hivi, na namba yetu inaanza 2147. Kwa ile ya 2024 imebaki 0.94532, na 10 kwa kipeo hicho ni karibu 8.817. Namba yenyewe inaanza 88169. Umeijua inavyoanza hata kabla ya kuiona.

Hatua ya 3: Pata tarakimu za mwisho

Andika 2, 4, 8, 16, 32, 64, 128, 256. Tazama za mwisho: 2, 4, 8, 6, kisha zinarudia. Gawanya kipeo kwa 4, tazama baki. Kwa 31 baki ni 3, ya tatu ni 8, toa 1: inaishia na 7. Kwa 136,279,841 baki ni 1 (tazama 41 tu, inatosha), ya kwanza ni 2, toa 1: inaishia na 1. Namba zote za Mersenne zenye kipeo witiri huishia na 1 au 7, basi. Akikuletea mtu "namba ya Mersenne" kubwa inayoishia na 3 au 9, mrudishie.

Tarakimu mbili za mwisho hurudia kila baada ya vipeo 20, lakini hapa pana mtego. Kwa 31 baki ya kugawanya kwa 20 ni 11. 2^11 ni 2,048, chukua 48, toa 1, unapata 47. Sawa. Kwa 136,279,841 baki ni 1, na mkono unakimbilia 2^1, yaani 02, ukitoa 1 unapata 01. Hilo ni kosa. Mzunguko huu unaanzia kwenye 2^2, wala 02 haimo ndani yake, kwa kuwa kila 2 yenye kipeo cha 2 au zaidi inagawanyika kwa 4 na 02 haigawanyiki. Baki ikiwa 1, tumia kipeo cha 21: 2^21 ni 2,097,152, chukua 52, toa 1. Namba ya 2024 inaishia na 51.

Hatua ya 4: Hakiki kunakili kwa tisa

Jumlisha tarakimu za 2147483647: zinatoa 46, kisha 4 + 6 ni 10, kisha 1. Upande wa pili, vipeo vya 2 vikigawanywa kwa 9 hutoa baki 2, 4, 8, 7, 5, 1, kisha kurudia kila baada ya sita. 31 ukiigawanya kwa 6 inabaki 1, kwa hiyo chukua 2, toa 1, unapata 1. Pande mbili zimelingana. Zisipolingana umekosea kuandika namba mahali fulani.

Hatua ya 5: Tafuta vigawo kama Euler

Kama 2,147,483,647 ingekuwa na kigawo, kimoja kisingezidi kipeuo chake cha pili, ambacho ni karibu 46,340.95. Chini ya hapo kuna namba tasa zaidi ya elfu nne, na kuzigawanya zote kwa mkono ni adhabu. Euler hakufanya hivyo. Alijua sheria mbili kuhusu kigawo chochote kilicho tasa cha 2^p − 1 pale p inapokuwa tasa na witiri:

- Kinazidi kigawe cha 2 × p kwa 1.
- Ukikigawanya kwa 8, baki ni 1 au 7.

Zithibitishe kwa 2,047. Hapo p ni 11, 2 × p ni 22. Vigawo ni 23, ambacho ni 22 + 1, na 89, ambacho ni 88 + 1. 23 kwa 8 inabaki 7. 89 kwa 8 inabaki 1. Zimetii.

Kwa 31, sheria zote mbili ukiziunganisha zinasema: kigawo kikigawanywa kwa 248 lazima kibakishe 1 au 63. Basi:

1. Andika safu mbili. Ya kwanza: 249, 497, 745, 993, 1241, 1489… ukiongeza 248 kila mara. Ya pili: 63, 311, 559, 807, 1055, 1303…
2. Simama ukifika 46,340. Ukiondoa 63, una namba 372.
3. Kata zile zinazogawanyika zenyewe: 249 ni 3 × 83, 497 ni 7 × 71, 559 ni 13 × 43, na kadhalika. Za mwanzo zinazobaki ni 311, 1303 na 1489. Safu nzima ikiisha utabaki na namba chini ya mia moja.
4. Gawanya 2,147,483,647 kwa kila iliyobaki na uandike baki.

Mfano wa 311. Kikokotoo kinaandika 6905092.11… Chukua 6,905,092 peke yake, izidishe kwa 311, unapata 2,147,483,612. Toa kutoka 2,147,483,647, baki ni 35. Kwa 1303 baki ni 226. Kwa 1489 baki ni 199. Endelea hivyo, hakuna itakayobakisha sifuri, na ukifika mwisho wa safu utakuwa umethibitisha wewe mwenyewe, kwa mkono wako, kwamba 2,147,483,647 ni tasa. Nakusihi uifanye kazi hii yote angalau mara moja. Jioni mbili tatu zinatosha, na baada ya hapo neno "imethibitishwa" utalisoma kwa macho mengine.

Onyo: usipate baki kwa kuzidisha desimali zinazoonekana kwenye kioo. Kikokotoo kimezikata, na baki ya 35 inaweza kutoka 34.2. Tumia sehemu kamili kila mara.

Njia hii ina kikomo chake. Tazama 2^67 − 1, ile ambayo Mersenne aliiweka kimakosa. Mwaka 1903 Mmarekani Frank Nelson Cole aliwaonyesha wenzake vigawo vyake: 193,707,721 na 761,838,257,287. Hakiki sheria ya kwanza: toa 1 kutoka 193,707,721 kisha gawanya kwa 134. Unapata 1,445,580 kamili, bila baki. Maana yake kigawo kidogo kimekaa kwenye safu yako nafasi ya milioni moja na laki nne na ushee. Kwa daftari hukifikii. Na bado Édouard Lucas wa Ufaransa alishaonyesha mwaka 1876 kwamba 2^67 − 1 si tasa, bila kujua kigawo chake hata kimoja. Njia ya kufanya hivyo ndiyo hatua inayofuata.

Hatua ya 6: Kipimo cha Lucas na Lehmer, kwa mkono

Lucas ndiye aliyeanzisha, na mwaka huo huo wa 1876 akathibitisha kuwa 2^127 − 1, yenye tarakimu 39, ni tasa. Derrick Henry Lehmer wa Marekani aliirahisisha mwaka 1930 ikawa hivi:

1. Anza na 4.
2. Izidishe namba uliyo nayo kwa yenyewe, toa 2.
3. Gawanya kwa 2^p − 1, ubakie na baki tu.
4. Rudia 2 na 3 mpaka utimize mara p − 2.
5. Mwisho ukiwa 0, namba ni tasa. Ukiwa kingine chochote, si tasa. Hakuna "labda".

Tujaribu 127, yaani 2^7 − 1. Kipeo ni 7, kwa hiyo ni mara 5.

- Mara ya 1: 4 × 4 − 2 = 14.
- Mara ya 2: 14 × 14 − 2 = 194, baki 67.
- Mara ya 3: 67 × 67 − 2 = 4,487, baki 42.
- Mara ya 4: 42 × 42 − 2 = 1,762, baki 111.
- Mara ya 5: 111 × 111 − 2 = 12,319, baki 0.

127 ni tasa.

Kuna njia ya mkato ya kupata baki, na ndiyo siri inayofanya namba za Mersenne zitawale orodha ya namba tasa kubwa. Badala ya kugawanya kwa 127, gawanya kwa 128, kisha jumlisha jibu na baki. 4,487 kwa 128 ni 35, baki 7; 35 + 7 = 42. 1,762 kwa 128 ni 13, baki 98; 13 + 98 = 111. Kompyuta huandika kila kitu kwa 0 na 1, na kwake kugawanya kwa 128 ni kukata tarakimu saba za mwisho. Kugawanya, kazi iliyo ngumu kwa mashine, kumegeuka kuwa kukata na kujumlisha.

Angalia mara ya 5: 12,319 kwa 128 ni 96, baki 31; 96 + 31 = 127. Hiyo ni sifuri, kwa sababu 127 kwa 127 haibakishi kitu. Wengi huandika 127 na kusema kipimo kimeshindwa.

Hatua ya 7: Ione ikikataa

Fanya 2,047, kipeo 11, mara 9. Ukiwa sahihi utapitia 14, 194, 788, 701, 119, 1877, 240, 282 na mwisho 1736. Si sifuri, kwa hiyo 2,047 si tasa. Ona kwamba 23 na 89 hazikujitokeza popote. Kipimo hiki hukuambia kama namba inagawanyika, hakikuambii inagawanyika kwa nini.

Hatua ya 8: Hamia kwenye simu

Kwa 31 unahitaji mara 29, na ukizidisha namba ya tarakimu 10 kwa yenyewe unavuka uwezo wa kikokotoo. Fungua Python uandike:

```
p = 31
n = 2**p - 1
s = 4
for i in range(p - 2):
    s = (s*s - 2) % n
print(s == 0)
```

Ikiandika True, ni tasa. Badilisha p na ujaribu 61, 67, 89, 107, 127 na 257, uisahihishe orodha ya Mersenne mwenyewe. Kisha jaribu 521 na 607. Hizi mbili Raphael Robinson alizipata tarehe 30 Januari 1952 kwa mashine iliyoitwa SWAC, huko Los Angeles, na zilikuwa namba tasa za Mersenne za kwanza kupatikana kwa kompyuta. Simu yako itazimaliza papo hapo. Ukipenda nenda 1279, 2203, 4423, halafu 11213, ambayo ilipopatikana mwaka 1963 katika Chuo Kikuu cha Illinois iliandikwa kwenye muhuri wa barua wa pale Urbana. Hapo utaanza kuona simu ikifikiri.

Usiweke 136279841. Ni kuzidisha mara zaidi ya milioni 136, na kila namba inayozidishwa inajaza takriban megabaiti 17. Luke Durant wa San Jose, Marekani, aliyeigundua, alitumia kadi za michoro zenye nguvu zilizotawanyika katika vituo vya data vya nchi nyingi. Kadi iliyokuwa Dublin ndiyo iliyoinusa kwanza, nyingine iliyokuwa San Antonio, Texas, ikaihakiki kwa kipimo hiki hiki ulichokifanya kwa 127.

Hatua ya 9: Sifa unazozipata bure ukishajua ni tasa

Iandike kwa 0 na 1: 2,147,483,647 ni 1 thelathini na moja mfululizo, bila sifuri hata moja. Ile ya 2024 ni 1 zipatazo 136,279,841.

Zidisha 2^30 kwa 2,147,483,647. Unapata 2,305,843,008,139,952,128, na vigawo vyake vyote isipokuwa yenyewe vikijumlishwa vinairudisha yenyewe. Fanya kwanza kwa ndogo: 7 ni tasa, 4 × 7 = 28, na 1 + 2 + 4 + 7 + 14 = 28. Euclid alithibitisha kwamba kila namba tasa ya umbo hili inazaa mwenzake wa namna hiyo, na Euler akathibitisha kwamba hakuna nyingine za shufwa zaidi ya hizo. Kama kuna ya witiri, hakuna mwanahisabati aliyewahi kuiona wala kuthibitisha kwamba haipo. Kwangu mimi hili ndilo tunda tamu kuliko yote ya namba hizi.

Ya tatu: anza na 1, zidisha kwa 16,807, chukua baki kwa 2,147,483,647, rudia. Utapita kila namba kuanzia 1 mpaka 2,147,483,646, kila moja mara moja tu, kabla ya kurudi kwenye 1. Programu nyingi zimetengeneza namba za bahati nasibu kwa njia hii. Usiitumie kwa nywila wala siri yoyote. Anayeona namba moja anaijua inayofuata.

Mambo yakigoma

*2^31 kwenye Python imetoa 29.* Umetumia alama ya ^, ambayo kwa Python ni kazi nyingine kabisa. Kipeo huandikwa kwa nyota mbili: 2**31.

*Simu imeganda hata kwa p ndogo.* Tazama mabano. Ukiandika s*s - 2 % n, Python inatafuta baki ya 2 peke yake, na s inafura bila kikomo. Lazima iwe (s*s - 2) % n.

*Nimeweka p = 2 ikasema False, ilhali 3 ni tasa.* Kipimo hiki ni cha vipeo witiri tu. Hiyo 3 itazame kwa macho.

*Naona 2, 2, 2 bila kwisha.* Umepitiliza. Baada ya sifuri inakuja hasi 2, kisha 2, na 2 huzaa 2 milele. Rudi uhesabu mara p − 2, siyo p.

*Python imekataa kuchapisha namba, inataja kikomo cha 4300.* Matoleo mapya huzuia kuandika namba zenye tarakimu zaidi ya hizo. Hesabu yenyewe iko salama. Juu kabisa andika import sys, mstari unaofuata sys.set_int_max_str_digits(0).

*Kikokotoo kinaonyesha 4.61E18.* Kimeishiwa nafasi na kimekata tarakimu. Usiendelee na hesabu ya baki hapo, hamia Python.

*Nimetumia kipimo kifupi, pow(2, n-1, n), kikatoa 1, kwa nini si ushahidi?* Kwa sababu kila namba ya Mersenne yenye kipeo tasa hutoa 1 hapo, hata 2,047. Ukitumia 3 badala ya 2, jibu lisilo 1 linathibitisha kuwa namba inagawanyika, ila jibu la 1 bado ni dalili tu. Uthibitisho ni wa Lucas na Lehmer.

*Je, naweza kuitumia namba hii kufungia siri?* Usalama wa ufunguo wa RSA, njia moja maarufu ya kufungia siri, unategemea namba mbili tasa zisizojulikana na mtu mwingine, na hizi zinajulikana dunia nzima. Kuna mifumo mingine ambamo namba tasa haihitaji kuwa siri, na huko 2^521 − 1 inatumika kweli.

*Je, kuna fedha?* Zipo. Mradi wa GIMPS wa watu wanaojitolea kuzisaka namba hizi kwa kompyuta zao, ulioanzishwa mwaka 1996 na George Woltman, hutoa zawadi ya dola 3,000 kwa anayegundua namba mpya ya Mersenne iliyo tasa, na shirika la Electronic Frontier Foundation limetenga dola 150,000 kwa namba tasa ya kwanza yenye tarakimu milioni mia moja au zaidi. Ukitaka kushiriki, programu ni ya bure: Prime95 kwa Windows, mprime kwa Linux. Iweke kwenye kompyuta ya mezani yenye feni nzuri, maana inakamua prosesa masaa yote na bili ya umeme utaiona. Kipeo kimoja cha leo kinaweza kuchukua siku nyingi kwenye kompyuta ya kawaida. Umeme ukikatika usihofu: programu huhifadhi kazi kila baada ya muda, na ikiwashwa huendelea kutoka pale ilipohifadhi mwisho.